Mzee Amegombana Tena na Redio

Dada Asha,

Nakusalimu kutoka Kindu. Mvua imekatika, na mchele wa Kibombo unaninenepesha.

Leo nilikuwa kituo cha afya nikiandaa kipindi cha redio yetu, mahali ambako wanaofuata dawa za VVU huulizwa pia kuhusu huzuni na wasiwasi. Mzee mmoja, ambaye huzuni ilimfanya aache dawa mwezi uliopita, alikuja na mkewe. Walikubali nisikilize.

"Papa, vitu ulivyopenda vinakufurahisha tena?" muuguzi akauliza.

Mkewe akamtangulia. "Mwezi ule hakugombana na redio hata siku moja! Nikasema, bwana yangu anakwisha."

Mzee akakiona kinasa sauti changu. "Wewe njo ule mutu wa redio? Ulisema barabara ya Punia iko muzuri. Ulipita na ndege?"

Mkewe akapiga makofi. Muuguzi akacheka. "Dawa tunaendelea nazo, papa. Na mazungumzo pia."

Unakumbuka baba alivyoacha kugombana na redio wakati wa vita, nasi tukafurahia utulivu? Muulize leo anazionaje habari. Akikufokea, mpikie kuku. Akinyamaza, kaa naye mpaka nifike.

Nawapenda nyote,
Kaka yako Idi