Maji ya Kuloweka Mihogo

Jumanne, 3 Septemba 2013
Leo darasa la tano: mazingira. Kushoto mwa ubao viumbe hai, kulia visivyo na uhai – maji, jua, udongo, hewa. Mishale katikati. Nikasema kisicho na uhai hakifi. Josepha, binti wa mwenye nyumba wangu, akanyoosha mkono: mbona basi mto wetu umekufa? Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Mto haufi, nikamwambia, unakauka. Akaketi hajaridhika. Kabishi kale! Nakapenda.

Jumamosi, 7 Septemba
Kijiji chote cha Kitanga ni vumbi. Bondeni limebaki dimbwi moja, na serikali ya kijiji imekataza kuloweka mihogo humo – maji ya kunywa yasinuke. Haki yao. Ila mihogo ya huku ni michungu. Wanapanda hiyo makusudi, nyani wasiimalize. Lazima ikae majini siku kadhaa mpaka ilainike, uchungu utoke. Sasa Mama Josepha anailoweka usiku mmoja tu kwenye ndoo, anaanika, anatwanga. Nikamuuliza kama inatosha. Akasema mwaka kama huu, mwalimu, tutafanyaje.
Ugali wa leo mchungu. Nimekula, kichwa kikaniuma. Mpare mimi, nikasingizia kukosa makande.

Jumatatu, 16 Septemba
Josepha ameanguka mstarini. Nilidhani njaa. Nikamwinua – miguu imekakamaa, inatetemeka, anakanyaga kwa ncha za vidole. Jana tu alibeba maji kutoka ng'ambo ya kilima! Hana homa. Haumwi popote, anasema. Anaona aibu tu, wenzake wanamtazama. Mama yake amelia: wamemroga mwana wanje, mwanangu mimi.

Alhamisi, 19 Septemba
Kasulu, hospitali. Bodaboda moja, Josepha katikati yangu na mama yake. Daktari, kijana wa Bukoba, hakutaka habari za uchawi. Aliuliza mtoto anakula nini. Ugali wa muhogo. Na nini? Sombe, kisamvu cha huku. Na nini tena? Mama yake akatazama sakafu.
Daktari akanieleza mimi, maana Kiswahili chake kilimpita Mama Josepha. Ukame huzidisha sumu kwenye muhogo. Maji ya kuitoa hayakuwepo. Na mtoto hana maharage wala dagaa wa kumkinga. Ugonjwa unaitwa konzo.
Mimi nakula ugali uleule, chungu kimoja. Ila nina mshahara – nanunua mayai, nanunua dagaa, nakula chumbani kwangu. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto. Jua, maji, udongo, mmea, mtu. Niliichora mwenyewe ile mishale, mtoto akiwa dawati la mbele.
Kisha daktari akasema konzo haiponi. Akila vizuri haitazidi, atatembea na gongo, lakini miguu ile hairudi kama zamani. Nimwambie mama taratibu.
Njiani nilimwambia mihogo ilowekwe vizuri, na mtoto apate maharage. Basi.

Jumapili, 22 Septemba
Bado sijamwambia.

Jumatano, 2 Oktoba
Maharage nanunua mimi. Tunakula pamoja sasa, sahani moja, mayai na yote. Mjomba wake, Castory, amemchongea gongo zuri, laini kabisa. Josepha analificha nyuma ya mlango wageni wakija. Anasema ni la kuazima tu.
Nimelia jikoni. Nikasingizia moshi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mvua! Tangu alfajiri. Bonde limejaa, wanawake wameshuka na vikapu vya mihogo, vicheko mpaka huku juu. Mama Josepha amezibua shimo lake la zamani, ameloweka, akafunika kwa majani ya mgomba na mawe. Safari hii itakaa mpaka ilainike yenyewe, anasema.
Amerudi amelowa, anacheka. Sijamwona akicheka tangu siku ile ya mstarini. Akambeba Josepha mpaka barazani auone mto. Josepha akaniita: mwalimu, tazama, kumbe haukufa.
Mama yake akaketi karibu yangu, akakamua kanga. Akaongea polepole, anatafuta maneno. Maji yaliondoka, na miguu ya mwana ikaondoka. Maji sasa yamerudi.
"Mwalimu, daktari alisema miguu inarudi lini?"
Josepha naye akageuka kunitazama.
Nikasema ngojeni nikafunge dirisha, mvua inaingia. Ndiyo niko chumbani, naandika. Wao wako barazani, wananingoja. Dirisha nilishalifunga.