Wanaanza Picha Upya

Musoma, 12 Julai 1992

Kwako mke wangu Jeska, huko kwenu Murangi,

Mbuzi wako amezaa mapacha. Kwenye banda la video watu wanagombana: ile picha ya wanaanga, niliyokuwaga nawatafsiria sehemu zote sita, wazungu wanaianza upya na nahodha mwingine. "Nahodha wetu alishakufa, wamwache!" wanapiga kelele. Mimi peke yangu nasema waanze.

Jeska, rudi, na sisi tuanze. Siku ile ulipomtuma jirani aniite, Gati wetu akiungua homa, nilimjibu picha inakaribia kuisha. Nikatafsiri mpaka mwisho. Nilipofika nyumbani, mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka.

Ukiniuliza leo picha ile iliishaje, sijui.

Bado mumeo,
Thadeo