Mihogo Iliyobaki Mwisho wa Shamba

Robi mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Matongo sisi wazima, na yule ng'ombe uliyemwacha na mimba amezaa ndama jike.

Baba yako amenisomea swali lako mara tatu na bado sijalishika vizuri. Unasema programu uliyoandika kwa lugha ya C iliomba memori, yaani nafasi ya kuwekea vitu, kwenye kompyuta, ikamaliza kazi, ukaiachia karibu yote kwa ile amri ya free, lakini kompyuta inaonyesha programu bado inaishikilia. Hata mimi nimechanganyikiwa. Kitu kilichoachiwa kinashikiliwaje?

Nikakumbuka shamba tu. Nilipoolewa, jirani yetu mzee Marwa alituazima ardhi kipande baada ya kipande, tukawa tunasogea kuelekea zizi lake. Tulipovuna mtama, akaitaka ardhi yake kwa malisho. Nikamwambia, "Chukua, iko tupu."

Akasema, "Mama, mihogo yako imesimama kwenye kipande cha mwisho, pale ng'ombe wangu wanapoingilia. Watapita wapi bila kuila?"

Nikabishana naye. Mihogo yenyewe mistari miwili tu, na vipande vingine vyote vya nyuma yake viko wazi. Ng'ombe wake walikonda wakiziangalia nyasi za kule nyuma, mpaka siku nilipoing'oa ile mihogo mwenyewe kwa aibu.

Sijui kama kompyuta ina zizi. Lakini hebu kaangalie mwisho kabisa wa memori yako, upande wa mwenye mali, yaani hiyo kompyuta iliyokuazima. Ni kitu gani kidogo hujakiachia?

Bibi yako,
Bhoke