Ukinisikia Nikirudia

Ekerenyo

Dada yangu Orpah,

Wewe ukikaangwa na jua la Doha, jua kwamba huku kumenyesha hadi vyura wamechoka. Chai inachipuka, na kaka yako bado ndiye emsii nambari moja kutoka hapa hadi Keroka. Hata maaskofu hungojea nishike maiki.

Ila dada, Jumamosi niliongoza sherehe ya mahari kule Nyamira. Nikapiga kile kichekesho changu cha ng'ombe aliyegoma langoni kwa wakwe. Watu wakavunjika mbavu. Baadaye nikakirudia bila kujua, wakacheka zaidi! Nilirudi nyumbani kifua mbele, ndipo mke wangu akaniambia, "Baba Duke, mara ya pili walikuwa wanakuhurumia."

Ule ugonjwa wangu wa neva, maltipo sklerosisi, uliolegeza mguu, sasa uko kichwani. Daktari wa Kisii alinionyesha makovu kwenye picha ya ubongo. Alisema huenda akili ikazidi kuwa nzito mwaka hadi mwaka. Mguu niliuzoea, maana ukiteleza nauona. Hili naliogopa, dada. Likija, mimi ndiye wa mwisho kujua.

Harusi ya binti yako Kemunto nitaiongoza, niliahidi. Lakini wewe keti mbele. Ukinisikia nikirudia, usicheke. Simama uanze wimbo, akina mama watakufuata, nami nitashusha maiki kama mtu aliyepanga hivyo.

Kaka yako asiyeshindwa na maiki,
Nyamongo