Tofali Bado Anakuachia Mpira

Karakana ya useremala,
nyuma ya soko la nguo.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mpwa wangu Sindano,

Pokea salamu zangu, zina vumbi la mbao kama kawaida. U hali gani? Kidonda kimekauka? Unapata usingizi, au maumivu bado yanakukosesha? Hapo hospitalini wanakupa chakula cha kueleweka, au ndiyo uji kila siku? Sisi ni wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao umeamua kuzeeka kabla yangu.

Habari za timu hazifurahishi. Jana tumefungwa bao moja bila, na tumeshuka daraja. Tangu asubuhi nimekaa na randa mkononi, sijaranda kitu.

Usidhani hatukujiandaa. Ulipoondoka nilibadilisha mazoezi yote ya ushambuliaji. Zamani tulikuwa tunapiga krosi kwenye goli tupu, tunajiona mabingwa. Sasa ninaweka mabeki wawili wa kweli, mmoja wao yule fundi cherehani anayekanyaga watu kama anavyokanyaga cherehani yake. Winga anapiga krosi ya chini, mshambuliaji anatuliza, anageuka, anapiga. Ukichelewa, unazunguka uwanja mzima huku wenzako wanakucheka. Wote wameshika. Hata kinyozi, na lile tumbo lake, siku hizi anafunga.

Aliyeshindwa ni kaka yako. Krosi ikija, Tofali anatanua miguu na kuuacha mpira upite, eti wewe uko nyuma yake. Unakumbuka ulivyokuwa ukimpigia kelele "Acha!", naye anaacha, na beki akija kugeuka mpira uko wavuni. Sasa hakuna anayepiga kelele, lakini yeye anaacha tu. Nimemfokea, nimembembeleza, nimemtania kwamba anacheza na jini. Hasikii.

Siku moja nilimvuta pembeni nikamuuliza ana nini. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mjomba, nikiyazoea haya mazoezi yako, dogo akirudi tutapishana." Nikapuliza filimbi, tukaendelea.

Jana dakika za mwisho tulipata krosi safi. Kipa alikuwa chini na goli liko wazi, hata mimi na mgongo wangu ningefunga. Akaacha. Mpira ulipita katikati ya miguu yake, ukatoka nje polepole. Watu wakaanza kumtukana.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemsemesha. Alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu, akasema bila kuinua kichwa, "Dogo angekuwepo, lile ni bao. Msimu ujao yupo."

Nilitoka nje nikalia, mpwa wangu, mtu mzima na filimbi yangu shingoni. Ulinisihi nisimwambie yeyote kwamba mguu umekatwa, nami nikakubali, na hapa wote wanajua ulivunjika tu na unaendelea vizuri. Sasa moyo umenijaa. Viongozi wa timu wanataka kumtema kaka yako, wanasema amechanganyikiwa, nami siwezi kumtetea bila kusema ukweli.

Mwandikie wewe mwenyewe. Nikimwambia mimi, atadhani ni mbinu ya kocha ya kumfanya apige mpira. Ataumia, najua, na huenda asicheze tena kwa muda. Lakini mwache aumie akiwa anajua.

Kinyozi na fundi cherehani wanakusalimu, na bibi yako anakutaja kila akipiga magoti. Mungu akufunike kwa rehema zake, akupe na nguvu ya kushika kalamu.

Mama yako naye anakusalimu sana. Asubuhi nimemkuta uani akisugua viatu vyako vya mpira, anasema visije vikakukuta vimekakamaa. Amevianika juani, vyote viwili.

Wako akupendaye wakati wote,
Mjomba