Nani Ampelekee Mkate Muuza Mikate?

Mama,

Maharage yako jikoni, chapati za mahindi nimezifunga kitambaani. Birika kubwa usilitafute, ninalo mimi. ~~Nitalirudisha jioni.~~ Lifuate mwenyewe.

Asubuhi ulinituma duka la mikate: “Kamwambie Eufrasia, huo wa jana si mkate, ni tofali!” Nikaenda nimeshanoa ulimi. Nikamkuta kaunta, kavaa nyeusi. Mama yake wamemzika juzi, na tajiri keshamrudisha kazini.

Nikamuuliza, “Sala za jioni za kumwombea marehemu wanakuja wengi, Bi Eufrasia?”

“Mimi na dada yangu, mwanangu.” Akanifungia mikate, akaongeza mmoja wa bure, kama kawaida yake.

Mtaa huu hatuendi msibani bila mkate, na mkate wote unatoka mikononi mwake. Sasa kafiwa yeye, kila mtu kaona haya kwenda mikono mitupu. Tumebaki majumbani. Sisi pia, Mama, na Babu alipofariki yeye Eufrasia alishinda hapa siku zote tisa za sala akigawa kahawa.

Basi nimempelekea kahawa nyumbani kwake, mdalasini nimetia. Sala inaanza saa moja. Usipike chochote, usinunue chochote. Jitande shali uje, nimekuwekea kiti kando yake.

Kitinda mimba wako