Siri Niliyomwambia Jostein

Oddleif, rafiki yangu, uko kwenye simu? Nimeaibika mwenzio, natamani bahari ipasuke inimeze.

Unajua ninavyoongea na Jostein nikiwa peke yangu botini. Ndiyo, najua, kaka yangu tulimzika Oktoba. Mazoea tu, miaka ishirini tumevua pamoja.

Sasa leo asubuhi theluji inanichapa usoni, maji ya juu baridi kama kisu, samaki hakuna. Nikashusha kamba hadi mita mia na arobaini, kule chini kwenye vuguvugu kidogo. Chewa hao! Wakubwa kama mbwa! Nikapayuka: "Jostein! Mita mia na arobaini, mbele ya mwamba mweupe! Usimwambie mtu!"

Kumbe kitufe cha redio kilikuwa kimebonyea, kikaganda kwa barafu. Boti zote kumi na saba zimenisikia. Siri ya mahali petu nimeimwaga mwenyewe, tena namwambia marehemu!

Mara mzee Torfinn, yuleyule aliyetuwahi mahali petu mwaka jana akatucheka, akasema polepole: "Halvard, redio yako iko wazi, mwanangu."

Mwanangu! Torfinn huyohuyo!

Nikasubiri waje mbio kama kawaida yao. Hakuja mtu. Mpaka saa nane mchana naona boti zao kwa mbali, wameniachia bahari nzima, kama watu wanaompisha mfiwa njiani.

Boti nimeijaza. Lakini leo, Oddleif, nilitamani hata mmoja aje kuniibia.